Shajara ya Ukarabati wa Mkono Namba 2 wa Kupakulia Mafuta

Kabla ya kuanza

Gati letu la mafuta lina mikono mitatu ya chuma ya kupakulia, yote ya bomba la inchi 10: namba 1 ni ya petroli, namba 2 ni ya dizeli, na namba 3 hutumika kwa mafuta ya taa na ya ndege. Shajara hii inahusu namba 2 peke yake. Meli iliyopita ilipokuwa inamalizia kushusha dizeli, mwenzetu wa zamu ya usiku aliona tone likining'inia chini ya kiwiko cha mkono huo, akaligusa kwa kidole, akanusa, kisha akaita kwa redio. Tulihesabu tone moja kwa kila sekunde nane hivi. Shehena ilikwisha bila kusimamisha pampu, lakini tone lile lilitoka kwenye tundu la uchunguzi la swiveli, na tundu hilo likitoa mafuta maana yake ni kwamba sili kuu, yaani pete ya kuzuia mvujo, imekwisha kupitwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama chini ya chombo hiki, afikirie mkono wa mtu. Nguzo imesimama juu ya gati, na mafuta hupita ndani yake. Penye bega pana swiveli mbili, yaani viungo vinavyozunguka huku mafuta yakipita katikati: moja huruhusu mkono kugeuka kushoto na kulia, nyingine kuinuka na kushuka. Kutoka hapo unakwenda mkono wa ndani hadi kwenye kiwiko, ambako kuna swiveli ya tatu, halafu mkono wa nje unashuka hadi kwenye kifundo, chenye swiveli tatu zilizofuatana na, mwishoni kabisa, kibanio kinachoshika manifoldi ya meli, yaani midomo ya mabomba yake. Jumla ni swiveli sita. Zipo sita kwa sababu meli haitulii hata dakika moja: inapanda na maji, inashuka nayo, inasogea mbele na nyuma kwenye kamba zake, inalala upande kidogo, na mkono wa chuma hauna budi kuifuata kote huko bila kuvuja.

Kule Mjimwema, Dar es Salaam, ambako tangu 2012 meli kubwa za hadi tani 150,000 hufungwa kwenye boya lililo baharini, kazi hiyo hufanywa na mipira inayoelea, kwa kuwa hapana gati la kusimamisha nguzo. Mpira hujipinda wenyewe. Hauhitaji gololi wala grisi, ila una umri wake na hubadilishwa. Mkono wa chuma unaweza kudumu miaka mingi zaidi, mradi viungo vyake vitunzwe. Sharti hilo ndilo tulilolikosea, kama itakavyoonekana.

Nafasi tuliyopewa ni siku 19 kabla ya meli nyingine ya dizeli kufunga gatini.

Siku ya 1

Tumemwaga mafuta yaliyosalia kwenye mkono, tukafunga vali ya chini ya nguzo, na tukaingiza bati la kuzibia kati ya flanji mbili (pete za chuma zinazounganisha vipande vya bomba kwa bolti) baada ya vali hiyo, maana vali iliyofungwa si ukuta. Vali ikipitisha hata kidogo, dizeli itarudi kwenye bomba ambalo watu wamelifungua. Baada ya hapo tulipitisha nitrojeni hadi kipima gesi kikasoma sifuri mara tatu mfululizo, kwa tofauti ya nusu saa. Kibali cha kazi kimesainiwa na watu watatu. Kazi ya moto hairuhusiwi juu ya gati kwa muda wote wa mradi, hata kusaga bolti iliyoshika kutu. Iliyoshika itakatwa kwa msumeno wa mkono.

Siku ya 2

Leo hatukufungua chochote. Siku nzima imekwenda katika kuufunga mkono usitikisike, na mwenye kushangaa kwa nini inachukua siku nzima anapaswa kuelewa jinsi chombo hiki kinavyosimama.

Mkono wa kupakulia umesawazishwa ukiwa mtupu. Nyuma ya bega kuna vyuma vizito, sehemu moja ikisawazisha mkono wa ndani na nyingine, kupitia kamba za waya na magurudumu, ikisawazisha mkono wa nje. Kwa usawa huo mtu mmoja anaweza kuusogeza kwa mkono wake mtupu mzigo ambao kreni ingeuhangaikia. Lakini usawa ule ule ndio hatari yake wakati wa ukarabati. Ukiondoa kifundo, ambacho kina mamia ya kilo, vyuma vya nyuma havijui kwamba umekiondoa. Vinaendelea kuvuta kama kawaida, na mkono wa nje unaruka juu kwa nguvu inayoweza kumtupa mtu baharini. Sijawahi kuliona likitokea, na sitaki.

Kwa hiyo tuliukunja mkono katika mkao wake wa kupumzika, tukaufunga kwa pini zake za kiwandani, kisha tukaongeza minyororo miwili ya tani 5 kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye nguzo, na mbao ngumu chini ya vyuma vya kusawazisha ili hata pini zikikatika visiwe na pa kwenda. Kijana mmoja aliuliza kama pini pekee hazitoshi. Zinatosha kushika mkono uliosawazika dhidi ya upepo, ambayo ndiyo kazi zilizotengenezewa. Mkono uliopoteza sehemu ya uzito wake ni jambo jingine.

Siku ya 4

Jana na leo asubuhi hapakuwa na kazi. Upepo wa kusi umevuma kiasi kwamba mwendesha kreni alikataa kuinua, na alikuwa na haki. Saa tisa alasiri upepo ulipungua, tukashusha kifundo chote chini kikiwa kizima. Giza lilitukuta tukikisogeza kwenye troli kuelekea karakana.

Siku ya 5

Swiveli ya kiwiko nayo imeshushwa, na tumeifungua juu ya meza.

Swiveli ni rahisi kuieleza. Kuna pete ya ndani na pete ya nje, na kila moja ina mifereji iliyochongwa, ambamo gololi za chuma hukaa nusu huku na nusu kule, hivyo pete mbili haziwezi kuachana lakini zinazunguka. Upande wa mafuta kuna sili kuu, ukanda wa tefloni wenye springi ya chuma cha pua ndani yake. Upande wa nje, unaotazama hewa na bahari, kuna sili nyingine nyembamba ya kuzuia maji na vumbi. Katikati ni gololi na grisi.

Tulipotoa plagi ya kuingizia gololi, zilipaswa kumwagika kama njugu. Hazikutoka. Ilibidi kuzichokonoa kwa waya, na zilipotoka zilikuwa na madoa ya kahawia, baadhi zimepoteza duara upande mmoja. Grisi iliyozizunguka ilikuwa imegeuka nyeupe na kuganda kama tui lililolala usiku kucha, na ukiipaka kati ya vidole ilikwaruza. Niliionja kwa ncha ya ulimi, jambo ambalo sishauri mtu alifanye. Ilikuwa na chumvi.

Mfereji wa pete ya nje una vishimo mahali ambapo gololi husimama mkono unapokuwa umekunjwa, yaani mahali pale pale kwa sehemu kubwa ya mwaka. Sili kuu yenyewe haikuchakaa kwa mafuta. Uso wake wa upande wa dizeli ni laini kama mpya. Michirizi iko upande wa pili, upande wa gololi, ambako chembe za kutu zimeukwaruza kila mkono ulipogeuka. Kwa maneno mengine, tone lile la dizeli lililotoka ndani lilisababishwa na maji yaliyoingia kutoka nje. Tungebadilisha sili kuu peke yake, kama ilivyopendekezwa siku ile ya tone, sili mpya ingechanwa na mfereji ule ule ndani ya meli chache.

Siku ya 6

Kwa kuwa swali lililofuata lilikuwa ni kwa nini maji yaliingia, tulifungua daftari la grisi. Kila mwezi kuna alama ya vyema mbele ya kila swiveli, na sahihi. Baadhi ya sahihi hizo ni zangu.

Kisha tukaichunguza chuchu ya grisi ya swiveli ya kiwiko. Imepakwa rangi. Si kwa kuguswa kwa bahati mbaya, bali tabaka kamili la rangi ya kijivu lililopita juu yake na kuifanya kipele laini kwenye bomba. Mkandarasi wa rangi aliyekuja misimu miwili iliyopita alipulizia mkono mzima bila kuziba chochote kwa utepe, nasi tulimpokelea kazi kwa kutazama kutoka chini. Tangu hapo, kila aliyepanda na pampu ya grisi aliiweka juu ya kipele hicho, akasukuma, akaona grisi ikitoka pembeni, akafuta kwa tambara, akashuka na kuweka alama ya vyema.

Grisi ndani ya swiveli ina kazi mbili, na watu wengi huitambua moja tu. Inalainisha gololi, ndiyo, lakini mwendo wa swiveli ni wa polepole mno na gololi zingevumilia sana kwa upande huo. Kazi kubwa ya grisi hapa ni kujaza nafasi, ili maji ya bahari yasipate pa kukaa. Ndiyo maana grisi mpya haina budi kusukumwa hadi ile ya zamani itoke upande wa pili, na mkono uzungushwe huku pampu ikifanya kazi, la sivyo grisi inakaa sehemu moja ya duara na nusu nyingine inabaki tupu. Na isisukumwe kwa pupa, kwa sababu presha ya pampu ya mkono inaweza kuitoa sili ya nje mahali pake, ukawa umemfungulia mlango yule yule uliyekuja kumzuia.

Nimependekeza kwamba daftari liache kuwa na alama ya vyema. Mtu aandike rangi ya grisi iliyotoka. Asiyeona grisi ikitoka ataandika kwamba haikutoka.

Siku ya 8

Sanduku la vipuri limefika kutoka bandarini baada ya kukaa kwenye forodha muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Lina seti tano za sili za inchi 10 na seti moja ya inchi 8. Tulihitaji sita za inchi 10. Hati ya kupokelea mzigo inasema sita za inchi 10, na mwuzaji, nilipompigia, alinisomea hati ile ile.

Jioni kulikuwa na mazungumzo marefu. Mmoja wetu alisema kuna mafundi Gerezani, Dar es Salaam, ambao wakipewa kipande cha tefloni na sampuli watachonga sili hiyo kwa siku moja. Nawaheshimu mafundi wa Gerezani. Nimewahi kuchongewa pale ekseli ya pampu ambayo bado inazunguka. Lakini sili hii si pete ya kawaida. Mdomo wake una umbo la herufi U, na springi iliyomo inautanua ukandamize pande zote mbili hata presha ikiwa ndogo. Presha ikipanda, mafuta yenyewe huingia ndani ya U na kuutanua zaidi. Sili iliyochongwa bila springi itafaulu jaribio la presha kubwa, halafu itavuja mkono ukiwa na presha ndogo mwishoni mwa shehena, wakati ambapo hakuna anayeitazamia kuvuja.

Tumekubaliana seti tano ziende kwenye bega, kiwiko na swiveli mbili za juu za kifundo, na ya sita isubiriwe. Mwuzaji ameahidi kuileta kwa ndege.

Siku ya 11

Tumepima flanji ya kuhami umeme, ile iliyo karibu na kifundo, ambayo ina gasketi isiyopitisha umeme na mirija ya plastiki kuzunguka kila bolti. Mwongozo wa kimataifa wa usalama wa meli za mafuta na vituo, unaojulikana kwa kifupi cha ISGOTT, unataka ukinzani usiopungua omu 1,000. Sisi tumepata 140.

Tuliosha chumvi kwa maji baridi, tukakausha, tukapima tena. 155. Ndipo kijana wa umeme alipopitisha mkono nyuma ya flanji na kukuta utepe wa shaba, mpana kama kidole gumba, uliofungwa kutoka flanji moja hadi nyingine na kupakwa rangi ile ile ya kijivu. Mtu aliuweka kwa nia njema kabisa. Tulipoukata, mita ilisoma zaidi ya omu 80,000.

Kijana aliushika utepe ule, akaugeuzageuza, akasema: "Samahani mzee, mimi nimetoka upande wa maboza. Kule boza haliruhusiwi hata kufungua mfuniko kabla ya kufungwa waya wa ardhi. Waya ukichomoka, vali inajifunga yenyewe. Huku waya unaukata. Sasa tushike lipi?"

"Yote mawili, mwanangu," nilimjibu, kisha nikaona kwamba jibu hilo halimsaidii, tukakaa kitako.

Boza lina matairi ya mpira, kwa hiyo limetengwa na ardhi. Mafuta yanayopita kwenye bomba hubeba chaji ya umeme tuli, na yakiingia ndani ya boza chaji inakaa humo, ikisubiri chuma chochote kitakachosogea karibu ili irukie. Waya wa ardhi unaipa njia ya kuondoka polepole. Meli, kwa upande wake, imekaa ndani ya bahari, na bahari ni ardhi kubwa kuliko fimbo yoyote ya shaba tunayoweza kuichimbia. Hatari ya meli ni mkondo. Gati lina mfumo wake wa umeme wa kuzuia kutu kwenye nguzo zilizo majini, meli nayo ina wake, na kati ya viwili hivyo kuna tofauti ndogo ya volti. Volti ni ndogo, lakini mkono wa chuma unapitisha umeme vizuri mno, hivyo mkondo unaopita unaweza kuwa mkubwa, na anayefungua kibanio kwenye manifoldi anaukata mkondo huo mbele ya mdomo wa bomba lililotoka kupitisha mafuta. Penye kukatwa pana cheche. Flanji ya kuhami inauzuia mkondo usianze kupita.

Aliuliza swali la pili, zuri kuliko la kwanza: je, umeme tuli wa mafuta yanayopita kwenye mkono unakwenda wapi ikiwa tumeukata mkono vipande viwili? Upande wa nje wa flanji umeshikana na meli, upande wa ndani umeshikana na gati, kila upande una pa kutolea chaji yake. Ndiyo sababu huwekwa flanji moja tu ya kuhami kwenye mkono mmoja. Ukiweka mbili ukidhani unaongeza usalama, kipande kilicho katikati yake hakishikani na meli wala na gati, na hapo umejitengenezea boza lisilo na waya.

Utepe wa shaba nimeutundika ukutani karakana, na karatasi ya maelezo.

Siku ya 13

Seti ya sita imefika, na ni ya inchi 10. Swiveli zote zimefungwa upya kwa gololi mpya, zikihesabiwa moja moja, na pete ya nje ya kiwiko imebadilishwa. Kila sili iliwekwa na mdomo wa U ukitazama mafuta. Niliisimamia mwenyewe kazi hiyo, kwani ikiwekwa kinyume inaingia vizuri tu, haikatai, na haitoi dalili yoyote hadi siku ya presha. Chuchu za grisi zote sita zimefungwa kofia nyekundu za plastiki.

Siku ya 14

Jaribio la presha ya maji. Mkono umesanifiwa kwa bar 19, na jaribio ni mara moja na nusu, yaani bar 28.5.

Tulijaza kutoka chini polepole huku tundu la juu ya kiwiko likiwa wazi, hadi maji yakatoka bila mapovu, kwa sababu hewa iliyobanwa hubeba nguvu kubwa na bomba likipasuka likiwa na hewa ndani hupasuka kama bomu, wakati maji matupu hutoa mshindo mmoja na presha kuanguka. Vilevile tuliutegemeza mkono kwa jukwaa la mbao. Kila mita ya bomba la inchi 10 hubeba maji ya kilo 50 hivi, na mkono huu, uliosawazishwa ukiwa mtupu, una mita 18 za bomba kati ya bega na kifundo. Hiyo ni karibu tani moja ambayo vyuma vya nyuma havikuitarajia.

Mara ya kwanza sindano ilishuka kutoka 28.5 hadi 24 kwa dakika saba, na maji yalionekana kwenye flanji ya kifundo, ambako gasketi ilikaa kombo. Tulitoa presha yote kabla ya kugusa bolti. Mara ya pili sindano ilifanya jambo ambalo limewahi kuwachanganya wengi: ilipanda yenyewe. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeanza kulipasha bomba, na maji yaliyofungiwa ndani ya chuma yakipata joto hayana pa kutanukia. Sindano inayopanda kwa jua inaweza kuficha mvujo mdogo unaoishusha. Tukaahirisha.

Tulirudi saa kumi na moja alfajiri ya siku iliyofuata, kabla ya jua. Dakika 30, sindano haikutikisika, na matundu yote sita ya uchunguzi yalikuwa makavu nilipoyapitishia karatasi ya shashi moja baada ya jingine.

Siku ya 15

Baada ya jaribio hilo la alfajiri tulikausha mkono kwa nitrojeni, tukaondoa minyororo na mbao, na mkono ukaachiwa kwa mara ya kwanza. Ulipanda. Haukuruka, ila ukiuachia ukiwa umelala sawasawa, kifundo kilikuwa kinainuka taratibu kana kwamba kuna mtu anakivuta kwa uzi.

Chanzo tulikipata kwa kuhesabu. Katika ukarabati tuliondoa sinia la chuma la kukingia matone, la kilo 6, lililokuwa limefungwa karibu na kifundo na watu waliotutangulia. Kifundo kiko mita 9 kutoka kwenye mhimili, na chuma cha kukisawazisha kiko mita 3 tu, hivyo kilo 6 za mbele ni sawa na kilo 18 za nyuma. Tukatoa bamba moja la kilo 18, mkono ukatulia popote tulipouacha. Kabla ya hapo swiveli zilikuwa nzito kwa kutu kiasi kwamba mkono usiosawazika ungeweza kukaa miezi bila kujulikana. Sasa zimelainika, na kila kilo inaonekana.

Siku ya 16

Tumepima mipaka ya mwendo. Hapa nilibishana na wakubwa, ambao waliona kwamba mipaka haikuguswa katika ukarabati na kwa hiyo haina haja ya kupimwa. Nilipata siku moja.

Wakati wa bamvua maji katika pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Meli ikifika imejaa, maji yakiwa yamekupwa, manifoldi iko chini kabisa. Saa kadhaa baadaye meli imepungukiwa na maelfu ya tani na maji yamejaa, na manifoldi ile ile iko mita kadhaa juu ya ilipokuwa. Mambo mawili yanakwenda upande mmoja. Swichi zilizo kwenye bega na kiwiko zipo ili kupiga king'ora kabla mkono haujafika mahali usipoweza kufuata. Swichi ya mpaka wa juu haikupiga. Kishikio chake kilikuwa kimeliwa na kutu na kulegea, nasi tulikibadilisha ndani ya saa moja.

Tulipitia pia utaratibu wa king'ora. Meli inaposhusha, pampu ni zake, si zetu. Mtu wa gati anayekimbilia kufunga vali yetu kwa haraka huku pampu za meli zikisukuma anasababisha pigo la presha ndani ya bomba, ambalo linaweza kupasua kile alichokuwa anakiokoa. Redio kwanza, meli isimamishe pampu, ndipo vali ifungwe. Mikono ya kisasa ina kifaa cha kujiachia, chenye vali mbili zinazojifunga na kiungo kinachoachana katikati yake, kila upande ukibaki na mafuta yake. Wa kwetu hauna. Nimeandika ombi.

Siku ya 19

Meli ilifunga saa mbili usiku, maji yakiwa mafu, jambo lililotupunguzia wasiwasi wa mipaka. Ofisa mkuu wa meli na msimamizi wetu walipitia orodha ya usalama kipengele kwa kipengele. Kijana wa umeme alipima flanji ya kuhami mbele yao kabla ya kuunganisha, bila kuambiwa.

Tulianza kwa mita za ujazo 180 kwa saa, ambazo kwenye bomba la inchi 10 ni mwendo wa karibu mita 1 kwa sekunde, na tukabaki hapo hadi mdomo wa bomba ndani ya tenki la nchi kavu ulipofunikwa na mafuta, kwa sababu mafuta yanayorushwa hewani ndani ya tenki tupu hutengeneza chaji. Kisha meli ikaombwa ipandishe hatua kwa hatua. Saa sita usiku tulikuwa kwenye mita za ujazo 900. Nilipanda hadi kwenye kiwiko na karatasi ya shashi, nikaipitisha kwenye tundu la uchunguzi, nikaitazama kwa tochi. Kavu. Nilirudia saa tisa, na tena alfajiri meli ilipokuwa inamalizia na presha iko chini. Kavu.

Asubuhi, kabla ya kushuka, nilivuka ngazi kwenda kwenye mkono namba 1, wa petroli, ambao kwenye daftari una alama ya vyema kila mwezi. Chuchu nne kati ya sita zimepakwa rangi ya kijivu. Nimezizungushia duara la chaki na kuomba siku nyingine 19.